Antena ya Mpunguzi

Binamu yangu ana shamba la zabibu Mpunguzi, kwenye barabara ya Iringa. Nyumba iko upande wa barabarani. Mita 70 huko chini kuna banda la vifaa, bati juu na bati ubavuni, ambamo binti yake wa chuo hupenda kujisomea. Waifai ya nyumbani ilifika mlangoni mwa banda; ukiingia ndani, hakuna kitu.

Mimi ndiye niliyempa habari za OpenWrt, programu huria inayowekwa kwenye ruta badala ya ile ya kiwandani. Nilimsimulia kwa shauku jinsi Linksys ilivyotoa hadharani msimbo wa ruta yake ya WRT54G mwaka 2003, na mwaka uliofuata mradi wa OpenWrt ukazaliwa. Sikumwambia lililokuwa la lazima.

Akaiweka. Kwenye mipangilio akadanganya nchi, akachagua inayoruhusu nguvu kubwa, akapandisha kutoka miliwati 100 hadi 400. Bandani alama za mtandao zikajaa kwenye simu.

“Baba, mtandao umejaa lakini hakuna kinachofunguka.”

Waifai ni mazungumzo. Kila ruta inapotuma kitu, simu hujibu kwamba imepokea. Jibu lisipofika, ruta hurudia, na kurudia tena. Zile alama zinapima sauti ya ruta tu. Hazisemi kama ruta nayo inaisikia simu, ambayo kwa kawaida hutuma kwa nguvu isiyofika miliwati 100, na pale ilikuwa inajibu kupitia bati. Kumpa nguvu msemaji mmoja hakumsaidii mwenzake kusikika.

Antena nzuri ingefaa zaidi, kwa kuwa huongeza kutuma na kupokea pamoja. Aliinunua kweli, akaisimamisha juu ya paa kwa bomba la chuma, akaiunganisha na ruta kwa mita kumi za waya mwembamba wa RG-58. Kwa masafa ya waifai, urefu huo wa waya humeza karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu. Alichopata kwenye antena kikapotelea njiani. Na bomba lile halikuwa na waya wa kushuka ardhini.

Mvua za Dodoma huja na radi. Januari ilipiga jirani, ikaingia kwa waya wa antena. Ruta iliungua, king'amuzi kikaungua, na kompyuta ya binti, iliyokuwa imechomekwa kwenye ruta kwa kebo, ikaungua pia. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka dakika ile kuanua nguo. Kila nikikumbuka hilo mwili unanisisimka.

Kazi yake ya muhula ilikuwa kwenye kompyuta hiyo, haina nakala.

Sasa faiba, yaani uzi wa kioo, imefukiwa kwenye bomba la plastiki katikati ya mizabibu, kutoka nyumbani hadi bandani, maana kioo hakipitishi umeme. Ndani ya banda kuna ruta ya pili, ya kawaida, kwa nguvu ileile ya kiwandani. Wingu likifunga upande wa Iringa, binti huzichomoa zote mbili.