Je, Mungu Anasamehe kwa Niaba ya Jirani Yangu?



Leo tuongelee swali lililoanza kunisumbua nikiwa nasoma falsafa, na hapa seminarini bado halijaniacha. Nikimkosea mtu, nikaenda kuungama, je, deni langu kwa yule mtu limekwisha? Wengi tungejibu haraka: ndiyo, padre ameshanipa maondoleo. Hebu ngoja kwanza. Tuwasikilize Wayahudi, ambao tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965 linatukumbusha kuwa Kanisa linapata uhai kutoka katika mzizi wao.

Fungua Hesabu 5:5-8. Aliyemdhulumu mwenzake anaagizwa aungame, arudishe mali yote, kisha aongeze moja ya tano juu yake. Yaani ulichukua laki moja, unarudisha laki moja na elfu ishirini, na anayepewa ni yule yule uliyemdhulumu. Kondoo wa upatanisho anatajwa baada ya hapo.

Mwaka 70 Warumi wakaliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Dhabihu hakuna tena, kuhani mkuu haingii tena Patakatifu pa Patakatifu. Sasa dhambi zinaondolewaje? Marabi walilijadili sana, na mafundisho yao yakakusanywa katika Mishna, kama mwaka 200. Sehemu yake iitwayo Yoma inahusu Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Wanasema hivi: makosa kati ya mtu na Mungu, siku hiyo inayaondoa. Makosa kati ya mtu na mwenzake, haiyaondoi mpaka amridhishe mwenzake. Fikiria, mfungo wa saa kama 25, bila chakula wala maji, sala toka jioni hadi jioni, na bado haitoshi!

Maimonides, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki Misri mwaka 1204, akafafanua zaidi. Ukikataliwa msamaha, nenda na watu watatu wakuombee. Ukikataliwa, rudi tena, hadi mara tatu. Baada ya hapo anayekataa ndiye mwenye dhambi. Na kama uliyemkosea amekufa? Unakwenda kaburini na watu kumi, unakiri mbele yao. Kama ulikuwa na deni lake, warithi walipwe. Huwezi kuponyokea popote, kwa kweli.

Simon Wiesenthal, Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi, aliwauliza watu wengi jambo hili: askari wa SS aliyekuwa anakata roho alimwomba yeye msamaha kwa Wayahudi aliowaua. Ulipaswa kutolewa? Rabi Abraham Heschel, ambaye mama yake na dada zake waliuawa na Wanazi, alijibu kwa kisa. Rabi wa mji wa Brisk alikuwa kwenye treni kutoka Warsaw. Wafanyabiashara wakamwalika kucheza karata, akakataa. Mmoja akakasirika, akamtoa nje ya behewa, mzee wa watu akasimama kwa masaa. Kufika Brisk, umati umejaa kumpokea. Ndipo yule bwana anagundua alikuwa nani. Akaomba msamaha, akanyimwa. Akarudi tena na tena. Mwisho mtoto wa rabi akamwuliza baba yake sababu. Jibu: hakujua kuwa mimi ni rabi, alimkosea mtu wa kawaida tu. Basi akamwombe huyo.

Najua wapo watakaosema, “Hiyo ni sheria, sisi tuko chini ya neema.” Mimi naiona hoja hiyo nyepesi mno. Umemsingizia binti wa kwaya kwenye grupu la WhatsApp, jina lake limechafuka parokia nzima. Jumamosi unaungama, Jumapili unakomunika na moyo mweupe. Yeye yuko nyumbani, anaona aibu kuja Misa. Kama Mungu angemaliza kesi hiyo na wewe tu, binti angekuwa mtazamaji katika jambo lake mwenyewe. Huruma gani hiyo kwake?

Na Yesu anasema nini katika Mathayo 5:23-24? Acha sadaka yako altareni, kapatane na ndugu yako kwanza. Zakayo naye hakuishia kwenye moja ya tano, aliahidi mara nne! Katekisimu, namba 1459, inataka tufanye linalowezekana kurekebisha madhara: kurudisha kilichoibwa, kumsafisha jina uliyemsingizia. Maondoleo ya padre ni ya kweli kabisa, hayasubiri sahihi ya jirani. Ila toba isiyokusudia kurekebisha, nashindwa kuiita toba.

Linabaki fundo moja. Katika Zaburi ya 51 Daudi anamwambia Mungu kwamba amemkosea Yeye peke yake. Peke yake? Na Uria je, aliyepelekwa mstari wa mbele ili auawe? Wafafanuzi husema kila dhambi mwishowe ni dhidi ya Mungu, sawa. Lakini nabii Nathani alipomwendea Daudi, alianza na maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake, yaani alianza na Uria. Daudi hakuwa na mtu wa kumwomba tena. Sisi tunakiri ufufuko wa wafu, na ndani ya imani hiyo mimi natumaini kwamba hao wawili watasimama uso kwa uso, na Uria atapewa nafasi ya kusema.