Jirani Akiondoka, Nani Atamsimulia?

Katika Yoshua sura ya 4, Waisraeli wanasimamisha mawe kumi na mawili huko Gilgali, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawaeleze. Jiwe peke yake halitoshi. Lazima awepo wa kuuliza na wa kujibu. Je, wazazi na watoto wote wakiondoka, wakabaki majirani tu, nani atajibu?

Kisiwa cha Rhodes, ambacho Biblia yetu hukiita Rodo, kilikaliwa na Wayahudi kwa karne nyingi. Mwezi Julai 1944 Wajerumani waliwachukua wapatao 1,700 na kuwapeleka Auschwitz. Walionusurika ni kama 150. Ndugu zao waliokuwa wamehamia Kongo, katika mji ambao leo ni Lubumbashi, walisalimika. Sinagogi walilojenga huko bado limesimama, ingawa wengi wao waliondoka baada ya uhuru. Mengi tunayojua juu ya jamii ile yametoka vinywani mwa wazee waliokubali kuulizwa na kurekodiwa sauti zao kabla ya kufa.

Sisi Walutheri jambo hili linatugusa. Mwaka 1543 Martin Luther aliandika kitabu cha kuwashutumu Wayahudi, akitaka masinagogi yao yachomwe moto. Karne nne baadaye Wanazi walikitumia. Hata hivyo, Luther huyohuyo, katika Katekisimo Ndogo, anafundisha kwamba Amri ya Nane haitukatazi uongo tu, bali inatuagiza pia kumtetea jirani. Na jirani aliyekwisha kuondoka hawezi kujitetea mwenyewe.

Kambi ya Mtendeli, hapa wilayani Kakonko, ilifungwa mwaka 2021, na Warundi waliokuwamo wakahamishiwa Nduta. Siku moja mtoto atapita pale na kuuliza palikuwa na nini. Tukimjibu, "Palikuwa na wakimbizi waliomaliza kuni zetu," tutakuwa tumesema sehemu ndogo tu ya kweli, na mtoto ataipokea kana kwamba ndiyo kweli yote. Tuliuziana nao vyakula, tukasali nao, na Kiha na Kirundi vikasikilizana bila mkalimani.

Wengine husema kukumbuka ni kutonesha kidonda. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana simulizi ya upande mmoja huzaa chuki. Ndiyo maana tusichague mazuri peke yake wala mabaya peke yake. Ugomvi wa kuni usimuliwe, na mkono uliotoa chakula usimuliwe pia. Nao waliohamishiwa Nduta waulizwe, kwa sababu wao ndio wenye habari yao.

Kwa hiyo, vijana wa usharika, chukueni daftari au simu, mwende kwa wazee wetu. Ulizeni majina ya watu, si idadi yao tu. Msimkatize mzee anapolia. Mwandike alivyosema, hata pale anapotusema sisi.