Haki Iliyotoka Soysambu

Taja "haki za mshtakiwa" hapa Dundori na mtu atakuuliza: mshtakiwa gani, yule wa Soysambu? Shamba lenyewe liko huko chini upande wa Elementaita, na kesi yake haijasahaulika. Mwaka wa 2005 Tom Cholmondeley, mrithi wa ukoo wa Delamere, alimuua kwa risasi askari wa wanyamapori. Mwanasheria Mkuu akaiondoa kesi. Mwaka uliofuata akashtakiwa tena, safari hii kwa kifo cha mchonga mawe. 2009 akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akapewa miezi 8. Wengi wetu tulifunga kitabu cha sheria hapo hapo.

Lakini katikati ya kesi hiyo ya pili kuna kitu hatukiongelei. Jaji wa Mahakama Kuu aliamuru utetezi uwape waendesha mashtaka taarifa za mashahidi wake. Cholmondeley akakata rufaa, na 2008 Mahakama ya Rufani ikaifuta amri hiyo. Wa kutoa ushahidi wake mapema ni serikali. Mshtakiwa ana ruhusa ya kunyamaza. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, ikaandika hivyo hivyo kwa kila mtu.

Jamaa yangu mmoja anasema haki iliyopitia mikono hiyo imechafuka. Namuelewa. Miezi 8 kwa uhai wa mtu, halafu tushukuru? Mimi sishukuru. Ila serikali ina polisi, maabara na pesa, na huyo kijana wa boda aliyeshikwa kwa ng'ombe aliyepotea ana mama yake tu pale nje ya korti. Akikataa kinga hiyo kwa sababu ya aliyeitumia, nani ataumia? Si Delamere.

Kinachonikera ni kwamba tajiri aliweza kubishana juu ya karatasi. Kijana wetu hana wakili, hajui hata kwamba kuna karatasi za kuomba. Hakimu anamsomea shtaka, mtu kando anamnong'oneza, "kubali tu, utapigwa faini urudi nyumbani." Anakubali. Na taarifa za mashahidi, ambazo labda hazikuwa na kitu, zinabaki kwenye faili bila kusomwa.