"Kinadharia ni Haramu"

Muhula uliopita, katika kipindi cha fiqhi ya miamala, nilieleza hukumu ya riba hadi ustadhi akaniambia niketi, ameridhika. Usiku ule ule nikakopa shilingi 50,000 kwa simu, za kurudisha na ziada baada ya mwezi. Mwenzangu wa chumbani aliuona ujumbe.

"Akhi, si leo asubuhi umesema...?"

"Kinadharia ni haramu," nikamjibu. "Lakini maisha ya chuo unayajua."

Neno hilo limenikwama kooni tangu siku ile. Si neno baya. Ukisema kinadharia basi la Kampala huchukua saa nne, umesema kweli, na kila aliyewahi kulipanda anakuelewa. Lakini hukumu ya sheria si makadirio ya safari. Katika usuli tunafundishwa kwamba hukumu ni khitabu ya Mwenyezi Mungu inayohusu matendo ya mukallaf. Matendo yamo ndani ya ufafanuzi wenyewe. Sasa hukumu isiyogusa tendo langu ni hukumu gani?

Tena nadharia inatokana na Kiarabu *nadhar*, yaani kutazama, kutafakari. Wanazuoni waliita *nadhari* elimu inayopatikana kwa kutafakari dalili, na kinyume chake wakaweka *dharuri*, inayojulikana bila kuhitaji hoja. Uharamu wa riba wanauhesabu katika fungu hili la pili. Kwa hiyo hata kwa istilahi yao nilikosea. Iwapo makato fulani ya mkopo wa simu ni riba au ni ujira wa huduma, hapo ndipo pa kutafakari hasa. Lakini mimi sikutafakari chochote, na moyoni nilishaiita riba.

Msomaji ataniombea udhuru: pengine alikuwa na dharura. Dharura ina masharti yake, na anayeidai huulizwa: je, ulikosa njia nyingine? Anayesema "kinadharia" haulizwi kitu. Nadhani ndiyo sababu ulimi wangu ulilikimbilia.

Maana njia nyingine ilikuwepo, imelala kitanda cha pili. Mwenzangu alikuwa na akiba, na angenikopesha bila ziada hata ya shilingi moja. Nilimwonea haya tu. Deni nimeshalimaliza. Hili la haya sijamwambia, atalisoma hapa.