Betri, Kiasi na Dhima: Swali la Kimaadili katika Kuunda Mashine ya Gemu ya Mkononi

Dhima ya kimaadili juu ya kifaa kinachonunuliwa dukani kwa kawaida huachiwa kiwanda, kwa sababu mnunuzi wa simu au redio hupewa kitu kilichokwisha kufungwa, ambacho betri yake iliamuliwa na wahandisi asiowajua na kwa vigezo ambavyo hakuulizwa. Hali hubadilika pale mtu anapojiundia mashine ya gemu ya mkononi, yaani kifaa chenye kompyuta ndogo, kioo, vitufe na spika ndani ya kasha moja linaloshikika kwa mikono miwili. Hapo hakuna aliyemtangulia kuamua, na betri ya kuchaji itakayotiwa ndani ni chaguo lake tangu mwanzo hadi mwisho. Wanafalsafa wengi tangu Aristotle wameifungamanisha dhima na mambo mawili, ujuzi wa kinachotendwa na uwezo wa kutenda vinginevyo, na fundi wa nyumbani anayo yote mawili kwa kiwango ambacho mnunuzi wa kawaida hana. Kinachobaki kuulizwa ni dhima hiyo inafika umbali gani.

Betri inayopendwa zaidi kwa kazi hii ni ile bapa ya lithiamu iliyofungwa katika mfuko laini wa rangi ya fedha, kwa kuwa ni nyepesi na hulala vizuri nyuma ya kioo. Nyingi za aina hii hutumia, katika elektrodi chanya, yaani upande wa betri unaopokea elektroni wakati wa matumizi, mchanganyiko wa lithiamu, kobalti na oksijeni ambao John Goodenough na wenzake waliuonyesha huko Oxford mwaka 1980 na ambao Sony iliuingiza sokoni mwaka 1991. Asilimia 60 hivi ya uzito wa mchanganyiko huo ni kobalti tupu. Gramu moja yake hubeba takriban miliampea-saa 150, kipimo cha kiasi cha chaji kinachoweza kuhifadhiwa, kwa hiyo betri ya miliampea-saa 2000 huhitaji gramu 13 za mchanganyiko, na ndani yake mna kama gramu 8 za kobalti, uzito wa vijiko viwili vya chai vya sukari.

Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, kwenye miji kama Kolwezi ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya machimboni. Sehemu yake huchimbwa na wachimbaji wadogo wanaotumia zana za mkono. Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, baada ya madini kugunduliwa chini ya makazi mwaka 2014, watu walifikia kuchimba mashimo uani na hata ndani ya nyumba zao. Na ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 ilieleza kuhusu watoto waliokuwa wakiokota, kuchambua na kuosha mawe hayo kwa ujira mdogo. Ni vigumu kusoma maelezo hayo kisha kudai kwamba gramu nane hazina historia.

Hata hivyo hoja ya uchache ina nguvu yake. Gramu nane hazionekani katika biashara inayopimwa kwa tani elfu nyingi, na fundi mmoja akizikataa hakuna shimo litakalofukiwa. Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kiitwacho Reasons and Persons, aliijibu hoja ya aina hii kwa mfano wa watesaji elfu moja, ambao kila mmoja hubonyeza kitufe kinachowaongezea mateka wote maumivu kidogo kiasi kwamba hakuna mateka anayeweza kuhisi tofauti, ilhali vitufe vyote vikishabonyezwa mateso huwa makali. Kwa Parfit, kutohisika kwa tendo moja hakulisafishi tendo hilo, kwa maana mtu huwajibika pia kwa yale ambayo kundi lake linayafanya kwa pamoja. Jibu hilo ni zito, lakini linapogeuzwa kuwa kanuni ya kununua vitu linaelemea kupita kiasi, kwani mtesaji analijua lengo la kitufe chake, ambapo fundi hana lengo lolote juu ya mchimbaji.

Mwongozo ulio karibu zaidi na hali ya soko unapatikana kwa Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika Ihya Ulum al-Din, kwenye sehemu ya halali na haramu, alichambua suala la mali ya dhuluma iliyochanganyika na mali safi isiyohesabika. Msimamo wake ni kwamba kuchanganyika peke yake hakuharamishi kununua, ila pawepo alama mahususi katika kitu chenyewe. Juu ya kiwango hicho cha sheria aliweka daraja nne za waraa, yaani uchaji unaomfanya mtu ajiepushe na yenye shubuha, lakini alionya vilevile dhidi ya waraa wa mwenye wasiwasi, mfano wa yule anayeacha kuwinda akihofu kwamba huenda mnyama alikwisha kumponyoka mwindaji mwingine. Kobalti ya Kolwezi huchanganywa ya halali na ya dhuluma katika vinu vya kusafishia, na seli inayofika mezani kwa fundi haina alama yoyote. Kwa hiyo anayeinunua hawezi kuitwa mshiriki wa dhuluma. Lakini mwenye njia mbadala mkononi, na ambaye shubuha yake imethibitishwa kwa maandishi, hawezi naye kujiliwaza kwamba ni wasiwasi tu.

Wala kususia si usafi. Mchimbaji wa Kolwezi hashibi kwa kususiwa, na anayeiacha kobalti ili dhamira yake itulie amejifanyia hisani mwenyewe. Sababu iliyo bora ya kujizuia ni fadhila ya kiasi, ambayo huuliza kwanza kinachotosha ni kipi, kabla ya kuuliza kipi ni kingi. Gunpei Yokoi wa Nintendo aliionyesha nguvu ya swali hilo kwa Game Boy ya mwaka 1989: alikubali kioo kisicho na rangi wala taa, na betri nne ndogo zikadumu zaidi ya saa kumi, wakati Game Gear ya Sega, iliyotoka mwaka 1990 na kioo cha rangi chenye taa, ilimaliza betri sita kwa saa tatu hadi tano. Wanaojadili betri husahau mara nyingi kwamba saa za kucheza huamuliwa na kioo kabla ya kuamuliwa na betri.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mashine inayotumia volti 5 kwa nusu ampea hula wati 2.5. Seli ya lithiamu yenye umbo la mche duara, aina ya 18650, ya volti 3.7 na miliampea-saa 2500, ina wati-saa 9.25, na baada ya asilimia 10 kupotea katika kipandisha volti, yaani saketi inayozifikisha volti hizo kwenye 5, huendesha gemu kwa saa tatu na dakika ishirini. Betri nne za nikeli-haidraidi hutoa karibu kiasi hichohicho kwa uzito maradufu, na hata hizo zina kobalti kidogo katika aloi yake. Isiyo nayo kabisa ni ya lithiamu-chuma-fosfeti, ambayo maabara ya Goodenough huyohuyo, safari hii Texas, iliitangaza mwaka 1997. Seli yake ya ukubwa uleule, ya volti 3.2 na miliampea-saa 1500, hudumu saa moja na dakika arubaini na kitu; mwanga wa kioo ukipunguzwa hadi matumizi yafike wati 1.8, muda unapita saa mbili na dakika ishirini. Tena huvumilia kuchajiwa mara elfu mbili au zaidi, ambapo ile ya kobalti huanza kuchoka baada ya mia tatu hadi mia tano. Kwa gemu la mtoto wa nyumbani, muda huo unatosha, na wazazi wengi wangesema unazidi.

Wapo wanaopendekeza seli kuukuu zilizotolewa katika kompyuta mpakato, kwa hoja kwamba madini yake yalikwisha kuchimbwa. Hoja ni nzuri, ila inahamisha hatari kutoka mbali kuileta chumbani. Seli iliyokaa chini ya volti 2 kwa muda mrefu huyeyusha shaba iliyomo ndani yake, na ikichajiwa tena inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani na kushika moto. Mwenye kukwepa shubuha ya Kolwezi kwa kumwekea mwanawe seli ya namna hiyo amekosea mpangilio wa wajibu, kwa kuwa madhara yanayotarajiwa kwa aliye karibu hayafutwi na nia njema kwa aliye mbali.

Kwa hiyo seli ya chuma-fosfeti, mpya na yenye saketi ya kinga, ndiyo yenye hoja bora kwa fundi wa nyumbani ambaye kasha lake linaweza kuongezwa unene kidogo. Atakayeichagua abadilishe na chaja pia: seli hiyo hujaa kwenye volti 3.65, na saketi za bei rahisi za kuchajia zilizozagaa madukani, zikiwemo zile za TP4056, zimepangwa kufika 4.2.