Kuondoa Baka Bila Kuikana Ngozi

Swali la iwapo binadamu ana ruhusa ya kuubadili uso aliopewa na Muumba ni la kale kuliko duka lolote la vipodozi, lakini jijini Nairobi linaulizwa kila siku kwa namna mahususi: mtu aliyetokwa na mabaka meusi usoni, anapotafuta tiba, je, anajiponya au anaikosoa kazi ya Mungu? Katikati ya jiji, Msikiti wa Jamia na Basilika ya Familia Takatifu viko mwendo mfupi tu kutoka River Road na Dubois, ambako krimu za kung'arisha uso huuzwa kwa jumla na kwa rejareja. Upande wa magharibi, kuanzia Upper Hill hadi Hurlingham, Kilimani na Parklands, ziko kliniki za madaktari wa ngozi. Mwenye mabaka anaweza kupita kote huko kwa siku moja, akaambiwa mahali pamoja kwamba umbile halibadilishwi, pengine kwamba kila weusi ni dosari, na kwingine kwamba alicho nacho ni hali ya kitabibu yenye jina na dawa. Kauli hizo haziwezi kuwa kweli zote kwa pamoja, na anayebaki kuzipatanisha ni yeye peke yake mbele ya kioo.

Kabla ya kuhukumu, yafaa kueleza kinachohukumiwa. Melanini ni rangi ya asili inayotengenezwa na chembe ziitwazo melanosaiti, zinazokaa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Idadi ya chembe hizo hukaribiana kwa watu wa rangi zote, na kinachotofautisha mweusi na mweupe ni wingi, ukubwa na aina ya rangi inayozalishwa, ambayo kazi yake kubwa ni kukinga mwili dhidi ya madhara ya jua. Melasma ni hali ambayo chembe hizo, zikichochewa na mwanga, na homoni za ujauzito au za vidonge vya kupanga uzazi, na urithi wa ukoo, huzalisha rangi kupita kiasi, hata mabaka ya kahawia au ya kijivu yakajitokeza mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, mara nyingi kwa kulingana pande zote mbili. Madoa mengine hubaki baada ya chunusi, upele au kuungua, kwa kuwa ngozi nyeusi inapojeruhiwa huacha alama nyeusi inayodumu kwa miezi mingi. Hali hizi haziui wala haziumi, na ndiyo sababu swali la kifalsafa huwa gumu, maana mtu huweza kuuliza kwa haki ni kwa kigezo gani kitu kisichouma kiitwe ugonjwa.

Nairobi yenyewe inachangia. Jiji liko karibu na ikweta, kwenye kimo cha takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na nguvu ya miale ya urujuanimno, yaani ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kimo. Mawingu na baridi ya Julai humfanya mkaaji wa jiji adhani kwamba jua limelala, kumbe miale inampata. Tena, katika ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huchochea melasma, na kwa hiyo madaktari hupendekeza krimu za kujikinga zilizotiwa oksidi ya chuma, ambayo huuzuia mwanga huo pale ambapo krimu nyingi zisizo na rangi hazifui dafu. Maelezo haya yana maana ya kidini pia, kwa sababu yanaondoa laana na husuda katika orodha ya visababishi: baka ni alama ya mlinzi aliyefanya kazi yake kupita kipimo, na jua lililoliita ni lile lile linaloivisha mahindi ya Kinangop. Mwanamke wa Wimbo Ulio Bora, katika sura ya kwanza, anawaeleza wenzake kwamba jua ndilo lililomchoma alipowekwa alinde mashamba ya mizabibu, na katika maelezo yake hakuna dhambi yoyote anayoiungama.

Katika fikra ya Kiislamu, mjadala huanzia kwenye aya ya 119 ya Suratu An-Nisaa, inayotaja kubadili umbo la Mwenyezi Mungu miongoni mwa mambo ambayo Shetani aliapa kuwaamrisha watu. Anayeisoma aya hiyo peke yake huweza kudhani kwamba kila mkono unaoshika dawa ya uso ni mkono wa uasi, lakini ufafanuzi wa wanazuoni ni mpana zaidi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake ni nguzo ya madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, alipoifafanua hadithi inayowakemea wanaochonga mwanya ili wapendeze, alieleza kwamba kinachokatazwa ni kile kinachofanywa kwa ajili ya urembo, na kwamba anayekihitaji kwa tiba au kwa kasoro ya jino hana lawama. Ushahidi wa mkato zaidi umo katika hadithi iliyopokewa na Abu Daudi na Tirmidhi kutoka kwa Ummu Salama, mke wa Mtume, inayosimulia kwamba wanawake waliokuwa katika nifasi, yaani kipindi cha damu baada ya kujifungua, walikuwa wakikaa siku arobaini na wakijipaka usoni wars, unga wa manjano utokao Yemeni, kwa sababu ya kalaf. Na kalaf ndilo neno ambalo Kiarabu cha kitabibu hulitumia hadi leo kwa melasma. Hadithi hiyo inazungumzia muda wa nifasi na inayataja mabaka kwa kupitia tu, kama jambo ambalo kila msikilizaji alilijua, na hapo ndipo uzito wake ulipo, kwani inaonyesha wazazi wa zama za Mtume wakiitibu hali hii hii inayowasumbua wazazi wa leo, pasipo kuonekana kwamba wamegombana na umbile lao. Mwanamke wa Mombasa au Lamu anayesaga liwa ajipake usoni yuko karibu sana na desturi hiyo.

Ukristo nao umewahi kuwa na sauti kali. Tertullian wa Carthage, Mwafrika wa kaskazini aliyeandika mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3, aliwakemea wanawake wanaosugua ngozi zao kwa dawa, akidai kwamba asiyeridhika na uso wake anamlaumu Fundi aliyeuumba. Hata hivyo, sura ya 8 ya Injili ya Mathayo inamwonyesha Yesu akimgusa mgonjwa wa ukoma, kisha akimtuma kwa kuhani ili kupona kwake kushuhudiwe na arudi miongoni mwa watu, na kwa tendo hilo ngozi inahesabiwa kuwa mlango ambao mtu huupitia kuingia katika jamii. Tabibu Galen, aliyeishi karne ya 2, alikuwa amekwisha kutenganisha sanaa mbili ambazo wengi huzichanganya: moja huhifadhi na kurudisha uzuri wa asili wa mwili, nayo ni sehemu ya utabibu, na nyingine hutafuta uzuri wa kubandika, ambayo kwake haikuwa utabibu hata kidogo.

Mgawanyo huo wa Galen waweza kuonekana kama mchezo wa maneno mpaka usomwe pamoja na historia ya Nairobi. Mwaka 1972 daktari R. D. Barr na wenzake walichapisha katika British Medical Journal uchunguzi wa wagonjwa 60 waliotibiwa Nairobi kwa ugonjwa wa figo unaomfanya mgonjwa apoteze protini nyingi kupitia mkojo na kuvimba mwili, wakakuta kwamba asilimia 53 kati yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, krimu ambazo ziliruhusu madini hayo kupenya mwilini na kuziharibu figo. Hivi sasa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 chini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, unataka vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe sokoni, na Kenya yenyewe ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi tangu mwaka 1998. Watu wa 1972 hawakudhurika kwa sababu ya kutibu baka. Walidhurika kwa kufanya rangi yao nzima kuwa baka.

Kwa hiyo kigezo kinachotafutwa kinapatikana, na madaktari wamekuwa wakikitumia bila kukiita falsafa. Kipimo kiitwacho MASI, kilichoanzishwa mwaka 1994 ili kupima ukali wa melasma, hulinganisha weusi wa baka na weusi wa ngozi ya kawaida ya mgonjwa yule yule, wala hakijui rangi nyingine yoyote iliyo bora. Tiba halali, kwa maana hii, ni ile ambayo mfano wake umo ndani ya mgonjwa mwenyewe: shavu linatibiwa hadi lifanane na taya, kisha mkono unasimama. Kujichubua huchukua mfano wake kwenye uso wa mtu mwingine, aghalabu uso wa tangazo, na kwa kuwa uso huo haufikiki kamwe, mkono haupati mahali pa kusimama. Aliyeamini kwamba umbile ni amana ataona kwamba anayetibu baka anaitunza amana kwa kuisafisha, ilhali anayejichubua anaikabidhi kwa asiyeitoa.

Pingamizi la kwanza ni kwamba dawa ni zile zile, na ni kweli. Mwaka 1975 madaktari Kligman na Willis wa Marekani walitangaza mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini na steroidi ambao, kwa viwango vilivyorekebishwa, umebaki kuwa msingi wa tiba ya melasma. Na mwaka huo huo daktari Findlay wa Afrika Kusini alieleza okronosisi, weusi wa samawati unaoingia ndani ya ngozi na usiotoka kirahisi, uliowapata watu waliojipaka krimu za haidrokwinoni kwa muda mrefu. Kitu kimoja, basi, kilitoa tiba na jeraha, na kilichowatenganisha watumiaji wake ni kiasi, muda, na kuwepo kwa jicho la pili linaloweza kusema kwamba imetosha. Dawa ya dukani haimwambii mtu aache.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba nia ya mgonjwa haizaliwi peke yake, maana katika jamii iliyofundishwa kuusifu weupe hata anayetaka kuondoa baka dogo huenda anasukumwa na dharau asiyoijua. Hoja hii inadai uangalifu, lakini haimnyimi mgonjwa haki yake. Mama aliyebadilika sura baada ya kujifungua, ambaye majirani humuuliza kama anajichubua ilhali hajawahi kujipaka kitu, anateseka kweli, na falsafa inayomwambia ajipende tu bila kumpa krimu ya kujikinga na jua inamwachia jukumu ambalo lilikuwa la wenzake. Utu, yaani ile heshima ambayo mtu huipata na kuitoa akiwa kati ya watu, huwadai majirani hao waache kuuliza kabla haujamdai yeye avumilie.

Uvumilivu nao una nafasi yake, kwa sababu melasma hurudi. Mwanga ukizidi, au mimba nyingine ikija, mabaka yaliyofifia kwa miezi hujitokeza tena, na hakuna dawa inayojulikana ya kuyakomesha moja kwa moja. Subira inayofundishwa misikitini na makanisani ina maana mahususi hapa: kujikinga na jua kila siku, kukubali nafuu ya polepole, na kukataa ahadi ya uso mpya kwa wiki mbili, ahadi ambayo mara nyingi huficha zebaki au steroidi kali. Lakini subira haigawanywi kwa usawa katika jiji hili. Anayekwenda kazini Westlands kwa gari hukaa kivulini na huweza kumudu kliniki, naye anayeuza mboga kando ya barabara Kangemi au Kawangware hukaa juani tangu asubuhi, na krimu ya kujikinga ambayo ingemfaa zaidi yeye huuzwa kama anasa. Atakapokwenda River Road kununua kile anachokimudu, kosa lake litakuwa dogo kuliko la jiji lililomwekea sumu karibu na kinga mbali. Wenye mimbari, wanaojua kuwakumbusha waumini wasibadili umbo la Mungu, wana wajibu wa kuliambia jiji neno hilo hilo: kofia pana, kivuli sokoni na ushauri wa daktari katika kituo cha afya cha mtaa ni namna za kulitunza umbo hilo, na anayemnyima maskini vitu hivyo hana haki ya kumhukumu kwa krimu aliyoipata.