Dakika Hii ni ya Nani? Haki katika Kanuni za Kuchelewa na Saa za Ziada

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hii huwahimiza watu waweke akiba, lakini inaweza pia kusomwa kwa jicho la anayepunjwa: kinachochukuliwa kwake kidogo kidogo nacho hujaza kibaba, ila kibaba hicho ni cha mwingine. Katika insha hii ninajadili upunjaji wa namna hiyo mahali ambapo wengi wetu tutafika baada ya kuhitimu, yaani kazini, mbele ya mashine ya mahudhurio inayosoma kidole na kuandika saa ya kuingia na kutoka. Swali langu ni hili: je, kanuni inayowahesabia wafanyakazi wote dakika zao kwa namna moja ni kanuni ya haki? Naona kwamba usawa huo hautoshi. Kanuni ya muda huwa ya haki pale tu inapompima mwajiri kwa kipimo kile kile inachompimia mfanyakazi.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Mashine haijui kuchelewa ni nini. Inachojua ni kwamba kidole fulani kimegusa kioo saa 2:11 asubuhi. Ili dakika hizo 11 ziwe kosa, lazima mtu aiambie programu mambo kadhaa. Kazi inaanza saa ngapi? Dakika ngapi za mwanzo zisamehewe? Zikizidi, zikatwe kama zilivyo au zipandishwe hadi nusu saa? Mtu akibaki baada ya kazi, saa za ziada zianze kuhesabiwa baada ya dakika ngapi? Akisahau kuweka kidole wakati wa kutoka, ahesabiwe nusu siku au ahesabiwe hakuja kabisa?

Nilipokuwa katika mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni moja hapa Kigali, nilikaa meza moja na karani aliyepewa kazi ya kujaza kanuni hizo. Programu ilimuuliza maswali hayo moja baada ya jingine, na kila swali lilikuwa na jibu lililokwisha kujazwa na watengenezaji. Mkataba wa kazi haukusema lolote juu ya mengi kati ya maswali hayo, na mkuu wake alikuwa safarini. Karani akayakubali majibu yaliyokuwamo, akahifadhi, akaendelea na kazi nyingine. Mwezi uliofuata watu walilipwa kwa kanuni ambayo hakuna mtu yeyote katika kampuni ile aliyeiamua. Simlaumu karani yule. Ninachosema ni kwamba maswali aliyoulizwa yalionekana kuwa ya kompyuta, kumbe yalikuwa maswali ya maadili.

Tatizo hili lina historia ndefu. Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1967 kuhusu muda na nidhamu ya kazi, alieleza jinsi viwanda vya Uingereza vilivyowabadilisha watu waliozoea kupima siku kwa kazi iliyopo wakawa watu wa kupimwa kwa saa ya ukutani. Alionyesha pia kwamba wako waajiri walioisogeza saa mbele asubuhi na kuirudisha nyuma jioni, na kwamba wafanyakazi waliogopa hata kumiliki saa zao wenyewe. Mwaka 1888, huko Auburn katika jimbo la New York, sonara Willard Bundy alibuni saa ya kuandikisha mahudhurio ya wafanyakazi. Chombo cha aina hiyo kilileta faida moja ya kweli: maandishi yakachukua nafasi ya neno la msimamizi. Siku hizi si rahisi kuisogeza saa, kwa kuwa kila mtu ana simu mfukoni. Lakini anayetaka kupunja hana haja ya kuigusa saa. Anaweza kuiacha iseme kweli, kisha akapunja katika kanuni ya kuihesabu.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mshonaji katika kiwanda cha nguo anayefanya kazi siku 22 kwa mwezi, saa nane kwa siku. Kanuni inasamehe dakika 10 za kuchelewa, na zikizidi hapo inakata nusu saa nzima. Saa za ziada hazihesabiwi mpaka zifike dakika 30. Mwezi huu alichelewa mara nne, kila mara dakika 11, kwa hiyo alichelewa dakika 44. Mashine imemkata dakika 120. Mwezi huo huo, kila jioni alibaki dakika 25 kumalizia shati lililo mkononi, kufagia chini ya cherehani na kukabidhi kazi. Dakika 25 mara 22 ni dakika 550, yaani saa tisa na dakika kumi. Mashine imemlipa sifuri. Ukitoa zile 44 alizochelewa, mwanamke huyu amempa mwajiri dakika 506, zaidi ya siku nzima ya kazi, na hati yake ya mshahara inasema yeye ndiye anayedaiwa saa mbili.

Tuangalie vizuri kosa liko wapi. Kanuni hii haikumbagua mshonaji wetu, maana wenzake wote wanahesabiwa hivyo hivyo. Haikudanganya saa. Hata ukali wake si kosa, kwa sababu kiwanda hakiwezi kwenda ikiwa kila mtu anaingia anapotaka, na anayechelewa huwabebesha wenzake mzigo wake. Kosa ni kwamba kuna mizani mbili. Dakika 11 za mfanyakazi zinapandishwa zikawa 30, lakini dakika 25 za mwajiri kudaiwa zinashushwa zikawa hakuna. Kurani, katika sura ya 83, inawalaani hasa watu wanaodai kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapowapimia wengine. Torati nayo inakataza kubeba mawe mawili ya mizani mfukoni, moja zito na moja jepesi. Wafanyabiashara wa zamani walielewa kwamba udanganyifu mkubwa haufanywi kwa bei inayotangazwa, bali kwa kipimo ambacho mnunuzi hakikagui.

Mtu anaweza kusema kwamba dakika chache ni kitu kidogo mno kwa sheria na hata kwa maadili. Hoja hiyo ilifika Mahakama Kuu ya jimbo la California, Marekani, katika kesi ya Troester dhidi ya Starbucks iliyoamuliwa mwaka 2018. Mfanyakazi yule alikuwa akijiandikisha kuwa ametoka kazini, kisha akatuma takwimu za mauzo ya siku, akawasha king'ora, akafunga mlango na kuwasindikiza wenzake hadi kwenye magari yao. Kazi hizo zilichukua dakika 4 hadi 10 kila usiku. Katika miezi 17 zilifika takriban saa 12 na dakika 50, sawa na dola 102 na senti 67 kwa kiwango cha chini cha mshahara cha wakati ule. Mahakama ilikataa kusema kwamba fedha hizo ni ndogo mno kudaiwa. Naona ilifanya vyema, kwa sababu udogo wa kitu hupimwa pia kwa mkono wa anayekikosa. Kiasi ambacho kampuni haikioni katika hesabu zake kinaweza kuwa umeme au nauli ya mtu mwingine.

Kuna pingamizi zito zaidi. Mwajiri anaweza kuuliza: nimlipe kila anayebaki ofisini akisubiri mvua ikatike? Nikilipa kila dakika, si watu watachelewesha kazi makusudi? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu si vibaya kutaka saa za ziada ziwe za makubaliano. Lakini makubaliano yanawafunga wawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi afanye kazi za ziada bila makubaliano, na inamkataza pia kumruhusu tu azifanye. Neno hilo la pili lina uzito. Msimamizi anayemwona mshonaji akiendelea kushona na kunyamaza hawezi baadaye kusema kwamba hakumtuma. Ama amwambie aende nyumbani, ama amlipe. Tena sheria hiyo inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Nchini Kongo, kanuni za kazi zinaongeza asilimia 30 kwa saa sita za kwanza za ziada katika wiki na asilimia 60 kwa zinazofuata. Basi mbele ya sheria dakika ya ziada ni nzito kuliko dakika ya kawaida. Ni ajabu kwamba katika programu ndiyo dakika pekee isiyo na uzito wowote.

Swali la mwisho ni kuhusu huruma. Aristotle, katika sehemu ya tano ya kitabu chake cha Maadili ya Nikomako, alisema kwamba sheria husema kwa ujumla, lakini maisha huleta mambo ambayo ujumla haukuyatazamia. Alitoa mfano wa rula ya risasi iliyotumiwa na wajenzi wa Lesbos, rula iliyojipinda kufuata umbo la jiwe. Mashine yetu ni rula ya chuma. Mvua ya Aprili ikifunga barabara, aliyepanga chumba karibu na kiwanda na anayetoka Nyamata kwa basi wanapimwa sawa. Je, tuondoe mashine tumrudishie msimamizi mamlaka ya kusamehe? Wafanyakazi wengi watakataa, nami nawaelewa. Msimamizi akiachiwa rula ya risasi, ataipinda kwa ajili ya mpwa wake na kuinyoosha kwa mtu asiyempenda. Mashine angalau haina mpwa.

Njia ninayoiona ni kuipinda rula mapema, kwa maandishi na mbele ya wote. Sababu zinazokubalika za kuchelewa ziandikwe kabla mtu hajachelewa. Kila mfanyakazi aone rekodi zake na aweze kuzipinga kabla mishahara haijafungwa. Dakika zikikadiriwa, zikadiriwe hadi robo saa iliyo karibu kwa pande zote mbili, ili zinazopotea asubuhi na zinazopotea jioni zilingane baada ya muda. Na kanuni iwe na mtu anayeijibia kwa jina, kwa sababu jibu la "mfumo ndivyo ulivyo" si jibu la mwanadamu kwa mwanadamu mwenzake.

Haya si mambo yasiyobadilika. Hapa Rwanda, mtumishi wa umma aliyefika kazini saa mbili na nusu asubuhi mnamo Desemba 2022 alihesabiwa amechelewa. Kuanzia Januari 2023, serikali ilipopanga kazi ianze saa tatu hadi saa kumi na moja jioni kwa kuzijali familia, mtu yule yule akifika saa ile ile amewahi. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu, wala si jua.

Kwa hiyo tunapozungumzia mashine ya mahudhurio tunazungumzia maamuzi, na maamuzi yana wenyewe. Wenzangu wengi wanaosoma insha hii wataajiriwa maofisini, na baadhi yetu ndio tutakaokaa mbele ya kompyuta ile tukiulizwa dakika ngapi zisamehewe na ngapi zisahauliwe. Kabla ya kukubali jibu lililokwisha kujazwa, tujiulize swali moja rahisi: kanuni hii ningeikubali kama mimi ndiye ninayedai, na pia kama mimi ndiye ninayedaiwa? Ikiwa tungeikubali upande mmoja tu, basi tumeshika jiwe la pili la mizani, hata kama limeandikwa kwa tarakimu.